Bega Nililolifunga Ubao

Nakumbuka asubuhi moja pale Keko, kwenye karakana yetu ya useremala, mwanangu, randa ilinidondoka mkononi mbele ya mteja. Bega la kulia lilikuwa likiniuma kwa miezi, na kombe lake, ule mfupa bapa wa mgongoni, limetokeza utadhani nimesahau kipande cha ubao ndani ya shati. Miaka yote nilibebea mbao bega hilohilo, tena nikijisifu.

Mie niliishia darasa la nne, lakini mbao nazijua. Ubao ukipinda, unaubana. Basi nikamwambia fundi mwenzangu, Shabani, anibane: kipande cha ubao wa mninga mgongoni, mpira wa tairi kuzunguka kifua. Nikapiga randa hivyo siku tisa. Ya kumi, hata kikombe cha chai sikuweza kukiinua.

"Makabati ya watu utayapiga randa kwa meno?" Shabani akacheka.

"Cheka tu. Aliyenifunga nani?"

Lakini usiku usingizi ulinipotea. Fundi asiye na mkono ni nani?

Nikaenda hospitali kwa Mama Neema, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mtu mzima asiye na masihara. Hata shikamoo yangu aliitikia huku anaukodolea macho ule mpira. Akanifungua ubao na mpira, akanivua shati, akasimama nyuma yangu. "Inua mikono yote miwili. Polepole. Shusha. Tena."

"Mama, linauma mbele, wewe unatazama nyuma!"

"Tulia, fundi."

Akaweka kiganja kwenye kombe, akalisukuma taratibu lifuatane na mkono. Mkono ukapanda, maumivu yakapungua palepale.

"Umeona? Kombe halifuati mkono, misuli ya kulishika imelegea. Mlango ukiburuza chini, unaufunga kamba au unakaza bawaba?"

Mie, fundi wa milango, ikabidi niseme: bawaba.

Akachukua mpira wangu uleule, akaufunga kwenye nondo ya dirisha. "Sasa uvute, viwiko virudi nyuma." Kisha akaniagiza kusukuma ukuta kwa viganja, kila siku, na mbao nisibebe. Keko nzima wakaniita Msukuma Ukuta. Nikasukuma. Baada ya miezi, randa ikarudi mkononi, na mpaka leo, mvi zote hizi, mlango naumaliza mwenyewe.

Nakwambia wazi, mwanangu: bega likiuma, usilibane kwa ubishi. Vua shati, mwenye kujua akutazame mgongo, maana huko wewe huoni. Mazoezi atakayokupa yafanye hata wakikucheka, na maumivu yakipoa usiache mazoezi. Mungu akupe mikono ya kukulisha mpaka uzeeni, na asikupe kichwa kigumu kama changu.