Ugoro wa Shangazi Somoe

Shangazi yangu Somoe, Mzaramo wa Temeke, alikuwa na ulimi usiojua adabu na pua isiyoshiba ugoro. Mpangaji wake wa chumba cha uani, Polikarpo, alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wake, na mtani kwetu hakasirikiwi. Shangazi alimdokolea mboga jikoni, akamvalia kofia, akamwambia mbele za watu kwamba babu zake walibeba mizigo kutoka Tabora hadi pwani, na yeye ndoo ya maji inamshinda.

Polikarpo alikuwa rubani wa vindege vidogo. Miaka michache baada ya Uhuru alianza kuitafuta nafasi ya kupindua ndege angani siku ya Saba Saba. Waliofanya hivyo mpaka wakati ule walikuwa Wazungu watupu, naye aliitaka nafasi ile kuliko alivyotaka mke. Asubuhi ya majaribio wakubwa wa klabu ya marubani walikaa kivulini kumtazama. Shangazi alikuwa keshajipakia kiti cha nyuma.

"Shuka, Somoe. Leo sina utani."

"Mie sishuki. Ukinishusha, siku ukifa sikuziki."

Polikarpo alinywea. Amri ya mkubwa aliweza kuikataa, ya mtani hakuweza. Akamfunga mikanda, akamwambia atoe vyote vya mfukoni, maana ndege ikilala chali kila kitu kinamwagika. Shangazi akasema hana mfuko, na kweli hakuwa nao. Ugoro wake ulikuwa kwenye pindo la kanga, na pindo la kanga kwa mwanamke wa Kizaramo ni sehemu ya mwili.

Pindu la kwanza lilikwenda vizuri. La pili, ndege ikiwa chali juu ya mikorosho, fundo likafunguka na ugoro wote ukawajaa puani na machoni. Polikarpo akapiga chafya, na kila chafya ikaipindua ndege upande wake. Ikashuka ikizunguka kama pia. Shangazi alisoma shahada, akaisahau katikati, akaanza upya. Karibu na ardhi Polikarpo akapata kupumua, akaunyanyua mdomo wa ndege, wakatua.

Wakubwa walisimama wakapiga makofi. Nafasi akapewa palepale, kwa sharti kwamba siku ya sherehe aurudie ule mzunguko wa mwisho.

Alirudi nyumbani macho mekundu. "Somoe," akasema, "ule ugoro unanunuaga wapi?"

Wakawa wanapanda pamoja kila mwaka, mpaka petroli ilipoadimika na kuku wakataga ndani ya vindege. Polikarpo akaja kufa kitandani kwa malaria, jambo ambalo shangazi alilihesabu utovu wa adabu.

Makaburini, kwa haki ya mtani, alilizuia jeneza lisishushwe. Watu wakaanza kucheka kabla hajasema neno. Akafungua pindo, akamwaga ugoro wote juu ya mbao.

"Haya, piga chafya," akasema. "Watu wanasubiri."

Akasimama pale, kanga mkononi. Sisi tuliokuwa karibu tuliona kwamba anangoja kweli, na kicheko kikatuisha mmoja mmoja.