Begi Moja la Watu Wawili

Begi lilikuwa la kitambaa, laini, lisilo na magurudumu, kama kampuni ya utalii ilivyoagiza. Binti yao ndiye aliyelinunua. Alilitua kitandani akakimbilia jikoni, na tangu hapo mama yake alikuwa amekaa kando yake akilijaza kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukuwa na kazi tena tangu alipopatwa na kiharusi, ila mwenyewe aliutafutia kazi: aliuinua kwa ule mzima, akautua juu ya shati ukandamize, kisha akakunja.

Mumewe alisimama mlangoni akitazama. Mtaa mzima ulimwita Fundi Mizani. Kabla ya kustaafu alizunguka masoko na maduka akikagua mizani za wafanyabiashara. Iliyo sawa aliipiga muhuri, iliyopunja aliifungia, na mwenye duka akabaki kulalama. Hata mkewe alimpata hivyo hivyo. Alikuwa msichana mwenye duka dogo la unga na sukari, na Fundi alimfungia mizani mbele ya wateja. Baada ya muda akarudi kuifungua, halafu akaanza kurudi bila sababu yoyote ya kikazi. "Hakuona haya," mkewe aliwaambia wageni, enzi zile maneno yalipomtoka bila kuyatafuta. "Amenitia hasara Jumatatu, Ijumaa ananiuliza kama ninapenda muziki."

Sasa begini mlikuwa na mashati ya mume, na juu yake magauni ya mke. Hapo ndipo palipokuwa na shughuli. Safari ilikuwa zawadi ya watoto kwa wazee wao wote wawili: ziara ya nchi ya joto na mvua, misitu na maporomoko, kundi la watu na mwongozaji wao, ndege kubwa kisha ndege ndogo isiyotaka begi la zaidi ya kilo kumi. Kiharusi kikaingia katikati. Kampuni ikasema haiwezi kumchukua mtu asiyeweza kupanda boti mwenyewe, daktari naye akasema hivyo hivyo, na nafasi ya mama ikafutwa. Ya baba ikabaki, maana waliolipia hawakurudishiwa kitu. Familia nzima ilijua hayo isipokuwa mama. Kule wodini, alipogoma kufanya mazoezi, binti yake alimwinamia akamwambia, "Mama, ukifika dirishani kwa miguu yako, safari ipo." Akafika. Tangu siku ile hakuna aliyepata moyo wa kulirudisha neno lile.

Binti alimvuta baba yake ukumbini.

"Baba, umemwambia?"

"Bado."

"Gari linakuja baada ya chakula cha mchana."

"Najua. Ulilianzisha wewe, limalize wewe."

"Mimi siwezi. Ataniangalia kwa yale macho."

"Na mimi ataniangalia kwa yapi? Ya kuazima?"

Binti alicheka bila kutaka, kisha akajifuta machozi kwa kiganja. "Tafuta njia, baba. Njia ya taratibu. Asiumie."

Fundi akaenda chumba cha nyuma, alikoweka vifaa vyake. Njia ya taratibu aliyoiona ni moja tu. Alichukua mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano na uso wa duara, akaifungua, akatoa springi yake na kutia nyingine iliyolegea. Ikiwa tupu, mshale ulisimama kwenye sifuri kwa adabu zote. Ikibeba kitu, ulikimbia mbali kuliko haki. Watu walishamwomba kazi ya namna hiyo, wengine kwa kumbembeleza, wengine kwa bahasha, na hakuna aliyefua dafu. Leo aliifanya bure. Alijiambia: mzigo ukizidi, atatoa nguo zake, atachoka, atasema basi nenda wewe. Litakuwa limetoka kinywani mwake, si mwangu.

Alirudi chumbani, akatundika mizani kwenye komeo la juu la dirisha, akalining'iniza begi.

"Limezidi," akasema. "Tena sana."

Mkewe aliinua shingo kuutazama mshale. Maneno yalimjia moja moja, kama watu wanaoshuka ngazi gizani. "Toa sweta. Kule... joto."

Akalitoa. Bado limezidi.

"Viatu vyeusi. Unaenda... kuoa?"

Akavitoa. Bado.

Kumbe alikuwa amejidanganya. Mkewe hakuchoka. Alichangamka kama aliyefungua duka asubuhi akakuta wateja mlangoni. Alitoa taulo, akasema hotelini zipo. Alitoa suruali ya pili ya mumewe. Alitoa gauni lake moja, akalipiga piga magotini, akasema moja litatosha, atafua. Tangu atoke hospitalini hakuwahi kusema maneno mengi kiasi kile kwa mkupuo mmoja. Kila kitu kilipotoka aliutazama mshale, na kila mara mume akasoma kwa sauti inayozidi kufifia: limezidi.

"Toa na... hilo tumbo lako," akasema mkewe.

Fundi alicheka.

Mwishowe begini mkabaki shati moja, gauni moja, nguo za ndani na dawa. Begi lilinywea kama puto la jana. Mshale ukavuka kumi.

Mkewe aliunyoosha mkono wa kushoto, akalinyanyua begi kidogo, akaliachia. Kisha akamtazama mumewe.

"Lete sukari."

"Sukari ya nini?"

"Pakiti. Isiyofunguliwa."

Fundi alikwenda jikoni. Angeweza kurudi akasema sukari imekwisha, lakini uongo wa pili haukumjia. Binti alimwona akichukua pakiti na hakuuliza. Akarudi, akalishusha begi, akaitia pakiti katika mfuko wa nailoni, akaitundika. Kilo moja. Mshale ulipita moja, ukapita mbili, ukatulia kwenye tatu.

Mwanamke aliyepima sukari nusu ya maisha yake hakuhitaji kuelezwa.

"Umebadili springi."

"Ndiyo."

"Wewe."

"Mimi."

"Basi sema," akasema mkewe. "Kwa mdomo."

"Huendi, mama watoto. Walikufuta ulipokuwa bado wodini. Ninaenda peke yangu."

"Najua."

"Unajua?"

"Begi ni moja." Alishika pumzi, akayatafuta maneno yaliyobaki. "Nikasema, tukipunguza... tukipunguza... labda tutaenea."

Fundi alikaa kitandani. "Basi na mimi siendi."

"Utaenda. Watoto wamejinyima."

"Nitawaambia."

"Mimi hukuniambia," alisema mkewe. "Utawaambia wao?"

Fundi alinyoosha mkono ashike ule wa mkewe uliolala, lakini hakujua kama atausikia, na mkewe hakuusogeza upande wowote. Badala yake alivuta begi, akalichomoa gauni, akaliweka mapajani. Fundi alipotaka kurudisha sweta na viatu alimsukumia mkono mbali. Akafunga zipu mwenyewe, akikandamiza ncha moja ya begi kwa goti, kidogo kidogo, na mumewe akasimama pale akimwangalia zipu ikimkwama na kuachia, kwa kuwa hakuruhusiwa kusaidia.

Honi ikalia nje.

"Wanakungoja," akasema mkewe, akageukia ukutani.

Dereva wa kampuni alikuwa mtu mnene, mchangamfu. Alilipokea begi getini kwa vidole viwili, akalipima hewani, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Mzee wangu, wewe ndiye msafiri. Humu ndani kuna watu wamehama na nyumba zao. Nani kakufungia hivi?"

"Mke wangu."

"Mpe pongezi zangu. Angekuja atufundishe."

Fundi aligeuka. Binti alikuwa amesimama kwenye kizingiti, mikono kifuani. Dirisha la chumbani lilikuwa limevutwa pazia. Dereva alishafungua mlango, abiria wengine walishasogea kumpisha, na mtu mmoja ndani akamwambia, "Karibu mzee, kaa hapo, na kiti cha pembeni yako kiko wazi, weka miguu ujinafasi." Akaingia, akakaa alipoonyeshwa.