Faili la Asubuhi na Faili la Jioni

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Ilikuwa Jumapili, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, huku ugenini, kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa letu Hounslow, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Tumekaa kwenye viti vya plastiki tunakula sambusa, na mbele yetu amesimama mweka hazina wetu, Lameck, anatuonyesha ukutani jedwali la mbio za farasi.

Usicheke. Najua na wewe unapakua mafaili ya farasi kila asubuhi kwenye simu, umeniambia mwenyewe, na ndiyo sababu nimekuketisha hapa. Chai yako hiyo, kunywa taratibu.

Chama chetu cha Watanzania kilikuwa na mfuko mmoja tu, wa kusafirisha maiti. Wengi wetu tulikuwa watu wa Kilimanjaro, na kwetu mtu hazikwi popote panapopatikana. Anazikwa kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo wake, pembeni ya baba na babu. Wasafisha ndege, walezi wa wazee, madereva, kila mmoja alitoa chake kila mwezi ili siku akifa asibaki huku. Hata wasiokuwa na karatasi za kuishi huku walitoa, na hao ndio waliokuwa hawachelewi.

Lameck alikuwa amesoma takwimu, akifanya kazi kwenye ofisi moja Croydon. Mtu mpole, tai shingoni hata Jumapili. Alijiunga na huduma iliyomletea kwenye kompyuta, kila siku, habari za mbio zote za nchi hii zikiwa zimepangwa safu kwa safu: jina la farasi, umri wake, uzito aliobeba, anayempanda, hali ya uwanja, nafasi alizoshika huko nyuma, na kiasi atakacholipwa aliyemwekea hela akishinda. Alikusanya mafaili ya mwaka mzima uliopita, akayapitisha kwenye kanuni aliyoitunga, na kanuni ikaonyesha faida karibu kila wiki. "Hii si kamari," akatuambia. "Hii ni analysis. Kamari ni kubahatisha, mimi sibahatishi." Akaomba ruhusa ya kuuzalisha mfuko wetu kwa kanuni hiyo. Watu wakapiga makofi.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nafanya kazi Kenton kwenye duka la tiketi za ndege la Mhindi mmoja mzaliwa wa Kisumu, aliyezungumza Kiswahili kizuri kuliko nusu ya ukumbi ule. Nilishughulika na orodha za abiria. Ya asubuhi ina kila aliyenunua tiketi. Jioni, ndege ikishaondoka, inakuja nyingine iliyosafishwa: waliougua wametolewa, waliochelewa wametolewa, viti vimebadilishwa. Ukiisoma ya jioni peke yake utadhani siku ilikwenda shwari. Basi nikanyoosha mkono.

"Kaka Lameck, samahani. Hayo mafaili ya mwaka jana ni ya asubuhi, kabla mbio hazijaanza, au ni ya jioni zikiwa zimekwisha?"

Akakohoa. Akasema ni yale yale, difference ni ndogo.

"Ndogo kiasi gani?"

Hapo ndipo mwenyekiti wetu, Mzee Tobias, alipogonga meza. Huyu nilimheshimu kama baba, ndiye aliyenipokea Heathrow nilipokuja. "Binti, kaa chini," alisema. "Mwenzio ana digrii mbili. Hapa hatuhojiani kama polisi, huo si ustaarabu wetu." Wanawake wa mstari wangu wakanivuta gauni. Nikakaa, maana malezi niliyopewa ni kwamba mkubwa akisema kaa, unakaa.

Haukupita muda mrefu mfuko ukawa umekwisha, na hakuna aliyejua ila Lameck. Sisi tulijua pale mwanachama mwenzetu, Baba Upendo, alipoanguka kazini, kwenye korido ya hoteli karibu na uwanja wa ndege, akisukuma toroli la mashuka. Alifia palepale. Ndugu zake kule kwao Marangu walipigiwa simu wakaanza kuchimba kaburi kihambani. Mkewe, Mama Upendo, alikuja ukumbini ameshika pasipoti ya marehemu, akauliza ndege ni lini.

Lameck akasimama. Mwanangu, hakulia wala hakuomba radhi, alianza kueleza. Kumbe mafaili yake ya mwaka jana yote yalikuwa ya jioni. Farasi walioondolewa mbioni walikuwa wameshafutwa. Mvua iliyonyesha mchana ilikuwa imeshaandikwa. Viwango vya malipo vilikuwa vile vya mwisho, vya dakika ile mbio zinapoanza, ambavyo asubuhi hakuna binadamu anayevijua. Kanuni yake ilikuwa inabashiri mambo yaliyokwisha kutokea. Alipoanza kuweka hela za watu kwa kutumia faili la asubuhi, ikawa haioni kitu. "Data ilikuwa clean," akasema. "Ni asubuhi tu inakuwa tofauti kidogo."

Kidogo, anatuambia, na maiti iko kwenye jokofu. Mama Upendo alimpa mgongo. Alimgeukia Mzee Tobias. "Yule binti aliuliza," alisema. "Wewe ukamkalisha. Sasa niambie wewe, mume wangu atalala wapi?"

Tulipitisha bakuli la mchango, lakini watu walikuwa wameshavunjika moyo, na kilichopatikana hakikutosha hata nusu ya safari. Tulimzika huku, kwenye makaburi ya manispaa, mashine inasukuma udongo huku sisi tunaimba. Kule Marangu ndugu wakalifukia kaburi tupu, jambo ambalo kwetu halisemwi kwa sauti. Mama Upendo hakukanyaga tena ukumbi ule. Waliomuuzia Lameck mafaili waliendelea kulipwa, maana wao hulipwa farasi akishinda na hulipwa akianguka. Hasira juu ya hao ninayo. Lakini iliyo kubwa zaidi ni juu ya ukumbi uliopiga makofi, na juu ya heshima iliyogeuzwa kitambaa cha kumziba mtu mdomo.

Sasa sikiliza ninalolitaka kwako. Ningependa uachane kabisa na hao farasi. Kama huachi, faili la asubuhi lihifadhi kama lilivyokuja, usiliguse. Andika uamuzi wako kabla mbio hazijaanza, jioni ulinganishe, na ufanye hivyo kwa miezi bila kuweka hata senti. Utaona mwenyewe ulivyokuwa ukijidanganya. Hela ambayo mwenzio ameiwekea maziko yake au ada ya mtoto wake usiipeleke huko, hata ukiruhusiwa kwa makofi. Na yeyote akikuonyesha jedwali zuri, muulize alijua nini, na alikijua lini. Akikwambia tofauti ni ndogo, muulize ndogo kiasi gani. Akitokea mzee akakuamuru ukae, mpe shikamoo yake kwa adabu zote, na ubaki umesimama. Hata mzee huyo akiwa mimi.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe riziki isiyomnyima mwingine mahali pake pa kulala, na siku sauti yako itakapotetemeka mbele za watu, akupe nguvu ya kulimaliza swali.