Lia, Mama, Usijizuie

Siku hizi podikasti ikiwashwa mahali nilipo, natoka nje. Zinanichefua zile amri: sema, fafanua, rudi nyuma, fungua moyo. Mgeni anaswagwa kama ng'ombe wa plau, halafu tunaambiwa hayo ni mazungumzo.

Shangazi yangu alitoka Kaliua akaja kulala kwangu mjini, Kanyenye, kwa jambo moja tu. Mwanawe wa mwisho alipanda treni ya Mpanda kwenda kutafuta kazi machimboni, na tangu hapo simu yake haipatikani. Shangazi alikuwa amesikia kwamba kijana mmoja wa mtaani kwetu ana kipindi cha podikasti kinachosikilizwa hadi huko machimboni. Akaomba nafasi ya kueleza jinsi mwanawe alivyo, kovu la juu ya jicho na kigugumizi kidogo, huenda mtu akamtambua.

Tulipofika studio kwake, kijana alimwamkia shikamoo, adabu tele. Adabu hiyo ikaishia mlangoni. Maikrofoni ilipowashwa, shangazi alianza na kovu, akakatwa: hayo tuyaache kwanza, tuambie usingizi unaupataje. Akajaribu kutaja kigugumizi, akaambiwa atazame kamera. Mwanamke ambaye kwake neno lake ndilo la mwisho alikuwa akigeuza shingo kila alipoamriwa, kwa kuwa aliamini mwenye kipindi anajua namna ya kumfikia mwanawe.

"Lia, mama. Usijizuie," kijana akamwambia. "Watu wanataka kukusikia."

Akalia. Mimi nilikuwa nyuma kwenye kiti cha plastiki, nikamwona kijana akimpungia mwenzake mkono asogeze kamera karibu na machozi. Haya hana kabisa.

Kipindi kilipotoka, hakikuwa na kovu wala kigugumizi. Kulikuwa na kilio, kinanda kikilia chini kwa chini, kisha kijana akiwageukia wasikilizaji: bonyeza kengele, mtumie mwenzako, mwandikie mama neno la faraja.

Wakatii, wengi kweli. Macho ya shangazi hayaoni maandishi madogo, akaniomba nimsomee. Pole sana mama. Mungu akutie nguvu. Apumzike kwa amani. Nilipofika hapo nikasingizia chaji imeisha.

Shangazi akaisukuma simu kando.

"Mbona wananipa pole ya msiba?" akauliza. "Kwani mimi nilisema amekufa?"