Vipepeo wa Lazarus na Fahali wa Iguhu

Miaka ile kila mwenye shamba kuanzia Ekero hadi Malava alikuwa amepanda miwa mpaka mlangoni pa jiko, na Lazarus Masinde alikuwa akilipwa kukimbiza vipepeo. Alikuwa na wavu na cheo: msaidizi wa utafiti katika msitu wa Kakamega. Majirani walikuwa na cheo kingine cha kumpa, ila hakitamkiki mbele za watoto.

Mkewe, Selpher, alimsimanga bila kuchoka. Kaka zake walikata miwa wakaezeka mabati. Yeye akaangukia mtu mzima anayekimbizana na wadudu. "Baba Musimbi," alimwambia, "siku hao vipepeo watatoa sukari, uniite."

Lazarus alicheka tu. Aliwahi kukata miwa msimu mmoja, akarudi mweusi kwa masizi kama sufuria ya matanga, mgongo umegoma kunyooka. Akaapa kutorudi.

Ndipo Agosti ya 1982 wanajeshi wakajaribu kupindua serikali kule Nairobi. Msituni hakupinduliwa yeyote. Vipepeo waliendelea kunyonya maua, nyani wakaendelea kuiba mahindi. Lakini wafadhili huko Ulaya walisikia Kenya inawaka, wakafunga mfuko, na watafiti wakapanda ndege. Walisema watamtuma mtu aje kuona kama nchi imetulia. Asiporidhika, mradi utazikwa. Shemeji Were, kaka yake Selpher asiyependa kupoteza muda, alikuwa ameshamnolea Lazarus panga la kukatia miwa.

Januari habari ikafika kwamba mgeni, Bwana Pieter, atakuja Jumamosi. Lazarus akaitisha kikao cha wazee: tumwonyesheje huyu mtu kwamba sisi ni watu wa amani? Wazee wakafikiri. Lazarus mwenyewe ndiye aliyetoa jibu, akijiona ana akili kama hakimu: tumpiganishie mafahali, kama tunavyomfanyia kila mgeni wa heshima. Hakuna aliyeona kasoro. Naibu wa chifu alitoa kibali papo hapo, maana fahali mmoja alikuwa wa mjomba wake.

Jumamosi asubuhi Bwana Pieter akaja peke yake na Landrova. Kwenye kona kabla ya kijiji cha Iguhu akasikia pembe, kisha ngoma za isikuti. Fahali mwekundu akachomoza, na nyuma yake wanaume wengi wasiohesabika, mbio, marungu na matawi juu, wakiimba matusi mazito dhidi ya kijiji cha ng'ambo ya mto. Bwana Pieter hakuelewa neno hata moja, ila mapinduzi aliyatambua. Akazima gari, akapandisha vioo, akajikunja chini ya usukani.

Aliyekuwa mbele ya kundi akipuliza pembe ni Lazarus. Aliliona gari, na pumzi ikamkatika katikati ya mlio. Sasa tu ndipo alipoona kile mgeni alichokuwa akikiona. Akaliona pia, akilini, lile panga la Were likimeta, likimngoja shambani.

Akakimbilia dirishani, akagonga taratibu. "Bwana Pieter, ni ng'ombe tu."

"Wanataka nini?" sauti ikauliza kutoka sakafuni.

"Wanataka fahali wa wale ng'ambo akimbie. Akishakimbia tunaendanga nyumbani kula obusuma, ugali wetu."

Halafu nywele zikachomoza, macho yakafuata. Kando ya gari, naibu wa chifu alikuwa akitikisa mabega na kofia yake ya serikali kichwani. Pembeni yake polisi wa utawala, bunduki mgongoni, alikuwa akilitukana dume la ng'ambo jasho likimtoka. Bwana Pieter akaanza kucheka, kicheko kirefu cha mtu aliyekwisha kuaga dunia akarudishwa mlangoni.

"Kama hii ndiyo serikali," alisema, akifungua mlango, "haijapinduliwa."

Mchana alikuwa uwanjani na jani nyuma ya sikio, akimshangilia yule mwekundu hadi sauti ikakauka. Kabla ya kuondoka akamwuliza Lazarus kama vipepeo bado wapo.

"Wapo. Wanashangaa tu mlienda wapi."

"Basi Jumatatu uende kazini. Nitawaambia wafadhili kuwa nchi imetulia."

Jumatatu alfajiri Lazarus alikuta shati lake limepigwa pasi, kola imesimama. Selpher alikuwa akipuliza moto, mgongo amempa.

"Nenda," alisema. "Na usikimbize wadudu wa watu ukiwa umejikunja kama mkata miwa."