Mume Wangu, Pilau na Ahadi Yake

Leo nimesalitiwa Majengo, mchana kweupe, mbele ya watu.

Tangu nilipofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, daktari amenikataza wali. Kwa hiyo nakuna koliflawa, ile mboga nyeupe jamii ya kabichi, mpaka ifanane na wali, naiunga kwa viungo vya pilau, kisha nakula vijiko vichache tu.

Mume wangu aliahidi, bila kuombwa, kwamba naye hataonja wali mpaka nitakaporuhusiwa. Kila jioni huisifu koliflawa yangu: "Mama Zuhura, hii inaushinda mchele!"

Leo nilikwenda sokoni kununua binzari. Nikapita kwa mama lishe.

Mume wangu alikuwapo. Sahani ya pilau, kachumbari na paja la kuku.

Aliinua macho, kinywa kimejaa. Kwa mazoea ya kukaribisha wapitao, neno likamponyoka: "Karibu, mama!"

Meza nzima ikaangua kicheko. Mama lishe akadakia: "Msamehe, bibi. Huyu ni mteja wangu wa kila siku."

Wa kila siku!

Nikavuta kiti, nikaketi mbele yake. "Asante. Endelea kula, mume wangu."

Hakumeza tonge jingine.

Kinachoniuma si pilau. Ni zile sifa za kila jioni, naye ameshiba.

Ndugu zangu, nyinyi mngemsamehe?