Kabichi za Mzazi

Mimi simwamini mtu anayesalimia kwa urefu. Yule msomi wa chuo kikuu alipopita kwetu mara ya kwanza, alimwamkia mama mkwe shikamoo, akauliza hali ya watoto, ya mbuzi, ya mvua, mpaka nikajua ana jambo. Tulikaa juu ya Lushoto, pembeni kabisa mwa msitu, naye alikuwa ametundika vyandarua humo ndani, anatega nyigu. Nani aliwahi kusikia mtu mzima anatega nyigu? Wengi tuliamini katumwa kuupima msitu ili tuje tufukuzwe.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Shamba la kijiji lilikuwa bondeni, kabichi tupu. Mimi nilikuwa na kipande changu cha kabichi kandokando ya msitu, nilichopewa na mume wangu kabla hajashuka kwenda kufanya kazi kwenye mkonge. Kipande hicho ndicho kilichotulisha.

Viwavi vikaingia. Balozi wa nyumba kumi akawapeleka watu bondeni kuviokota, na wakaanza na vile vilivyobeba vitu vyeupe mfano wa punje za mchele. Walidhani ni mayai. "Ukimuua mwenye mayai umeua ukoo mzima," balozi aliwaambia. Wakavichoma kwa bidii. Vile visivyo na punje viliachwa hadi jioni, na jioni watu huwa wamechoka.

Mimi sikwenda. Nilikuwa nimejifungua, arobaini haijaisha, na mzazi hashiki jembe. Mama mkwe alikuwa na magoti mabovu, kwa hiyo shamba langu lilibaki na magugu na viwavi vyake. Nilipotoka ndani, kabichi za kijiji zilikuwa vishina vitupu. Zangu zilikuwa zimefunga, ngumu kama jiwe.

Hakuna aliyenipongeza. Majirani waliokuwa wakija kumwona mtoto waliacha kuja, na mtoni maneno yalikatika nikifika. Nilizindika shamba, walisema, nikavisukuma viwavi kwa wenzangu. Tena kuna aliyeona mchele umebandikwa kwenye majani yangu. Nilikwenda kuangalia, na kweli, punje zilikuwapo. Niliogopa sana. Nani mwingine alipita huko kila asubuhi kama si yule msomi?

"Umeweka nini shambani kwangu?" nilimuuliza msomi.

"Sijaweka kitu, dada. Wala hayo si mayai."

Akachukua kiwavi na punje zake, akakitia kwenye chupa, akafunga mdomo kwa kitambaa, akanipa niilinde mwenyewe. Aliona kwamba simwamini. Siku chache baadaye punje zilitoboka, wakatoka nyigu weusi, wadogo kama viroboto. Nyigu mama hutaga ndani ya kiwavi kilicho hai, alinieleza. Watoto wake hukila humo humo, kisha hutoka na kujisokotea vile vifuko vyeupe. Msituni walijaa wa kila namna, wengi hata jina hawajapewa, na karibu kila mdudu alikuwa na nyigu wake wa kumnyemelea.

"Basi hawatofautiani na kijiji chetu," nilimwambia.

Nikaitwa mkutanoni. Nilibeba mtoto mgongoni na chupa mkononi, msomi akaeleza kwamba viwavi vilivyochomwa bondeni ndivyo vilivyobeba nyigu wa kuwamaliza wenzao, chupa ikazungushwa, wazee wakaichungulia. Balozi aliinamisha kichwa. Mwenyekiti akasema mama huyu hana kosa, uchawi hakuna, ni wadudu tu wa msituni. Watu wakapiga makofi. Nilianza kupumua.

"Na msitu ni wa wananchi," mwenyekiti akaendelea. "Kama wadudu wa wananchi wanalilinda shamba lile, haifai liwe la mtu mmoja. Msimu ujao tutalima pale. Mama atapewa kipande bondeni."

Wakapiga makofi tena, ya nguvu kuliko ya kwanza.

Nilifika nyumbani nikamweleza mama mkwe. Alikuwa anamenya viazi, na hakuacha kumenya.

"Mwanangu, ungewaacha tu wakuite mchawi," alisema. "Shamba la mchawi nani angethubutu kulikanyaga?"